Barakoa na Ugonjwa wa Kifua: Ushahidi Wasemaje?

Katika nyumba nyingi ubishi haujaisha. Mama akisikia kikohozi hutafuta barakoa. Baba, aliyekwisha kuichukia tangu mwaka 2020, husema haisaidii kitu. Kila mmoja amesikia habari za wataalamu, naye huamini zile zinazompendeza.

Ubishi huu ni wa kale. Tauni ya mapafu ilipoua watu wapatao 60,000 huko Manchuria, mwaka 1910 na 1911, Dakta Wu Lien-teh aliwataka wahudumu wajifunike pua na mdomo kwa shashi na pamba. Mfaransa mmoja, Dakta Gérald Mesny, alilidharau shauri hilo, akawaendea wagonjwa bila kujifunika, na siku chache baadaye akafariki. Kisa hicho chatisha, lakini kifo cha mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Ndiyo sababu wataalamu hugawa watu kwa kura katika makundi mawili, kisha huyalinganisha.

Nchini Denmark, mwaka 2020, walishiriki watu wapatao 6,000. Miongoni mwa walioshauriwa kuvaa, asilimia 1.8 waliambukizwa korona. Miongoni mwa wengine, asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo mno, yaweza kuwa bahati tu. Lakini chini ya nusu ya walioshauriwa ndio waliovaa sawasawa, na askari aliyeiacha kofia ya chuma chini ya kitanda hawezi kuilaumu.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Bangladesh, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Barakoa ziligawiwa bure na watu wakahimizwa. Wavaaji wakapanda kutoka asilimia 13 hadi 42. Wagonjwa wenye dalili, waliothibitishwa kwa kupimwa damu, walipungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Palipogawiwa barakoa za hospitali, wazee waliopita miaka 60 walinufaika zaidi: kwao upungufu ulifikia kama theluthi moja. Kwa barakoa za kitambaa faida haikuonekana wazi.

Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walipitia majaribio 78, na wengi wakatangaza kwamba barakoa hazifai. Mhariri mkuu wao, Karla Soares-Weiser, alieleza kuwa huko ni kuisoma vibaya taarifa hiyo. Majaribio hayakutoa jibu la uhakika. Kukosa uhakika si kukanusha.

Basi, bibi mzee anapolala chumba kimoja na mjukuu mkubwa anayekohoa, hapo barakoa ya hospitali ina maana. Avae mgonjwa, avae na anayemhudumia; ifunike pua, si kidevu; ikilowa ibadilishwe, na dirisha liwe wazi. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe kabisa, kwani akikosa pumzi hawezi kuivua mwenyewe.