Msimamo wa Kisiasa Huzaliwa Wapi? Kazi ya Mtafiti wa Uzamivu na Somo Lake Kwetu



Vyuo vikuu vya Ulaya hutangaza nafasi za utafiti wa uzamivu, na miongoni mwake zipo zinazohusu jinsi raia wanavyojenga mitazamo yao ya kisiasa. Kijana wa parokia aliyesoma sayansi ya siasa, sosholojia au saikolojia akisema nyumbani kwamba anataka kuomba nafasi ya namna hiyo, huenda akaulizwa: hilo nalo ni jambo la kusomea miaka minne? Kwani kuna mtu asiyejua kwa nini anakipenda chama chake?

Swali hilo ni halali. Sisi tunaosoma falsafa tumeona vema kulijibu, kwa sababu linawagusa wote wanaosimama mbele ya watu na kusikilizwa: padre, katekista, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu na mzazi.

Nafasi hizo ni za namna gani?

Kwetu tumezoea kwamba anayesoma shahada ya uzamivu hujitafutia ada au mfadhili. Katika nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Sweden, mara nyingi mtafiti wa uzamivu ni mwajiriwa wa chuo. Ana mkataba, anapokea mshahara, na anafanya kazi chini ya profesa mwenye mradi. Uholanzi mkataba huo kwa kawaida ni wa miaka minne. Tangazo hutaja swali la mradi, na mwombaji hupeleka barua, wasifu wake, matokeo ya masomo na mara nyingi andiko fupi la utafiti anaokusudia kufanya. Wengi wanaochaguliwa wana msingi mzuri wa takwimu, maana watashughulika na majibu ya maelfu ya watu.

Kazi yenyewe ni kutunga maswali, kuyajaribu, kuhoji watu au kuchambua mahojiano yaliyokwisha kufanyika, kisha kuandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo. Lengo lake si kutabiri nani atashinda uchaguzi. Anachunguza njia ambayo mtu ameipita mpaka akafika kwenye msimamo alio nao.

Jibu si lazima liwe msimamo

Katika mazungumzo yanayoitwa Meno, Plato anamwonyesha Sokrate akilinganisha maoni ya kweli na sanamu za Daedalus, ambazo zisipofungwa hutoroka. Mtu anaweza kusema jambo sahihi leo na kesho akaliacha, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kulishikilia. Maoni huwa maarifa yanapofungwa kwa sababu.

Watafiti wa siku zetu walifika karibu na hapo kwa njia ya hesabu. Mtaalamu wa Marekani Philip Converse alichambua majibu ya watu walewale walioulizwa maswali yaleyale mwaka 1956, 1958 na 1960. Katika mambo kadhaa ya sera, wengi walibadilika kutoka mahojiano moja hadi mengine bila mwelekeo wowote, kana kwamba walikuwa wakirusha shilingi. Mwaka 1964 Converse aliandika kwamba wengi wa watu hao hawakuwa na msimamo wowote juu ya mambo hayo. Waliulizwa, wakaona aibu kunyamaza, wakajibu.

Wengine walimpinga wakisema kosa lilikuwa katika maswali, kwamba hayakuwa wazi. Mjadala huo haujafungwa, na ndiyo sababu mojawapo ya nafasi za uzamivu kuendelea kutangazwa. Hata hivyo funzo moja limebaki: mtu anapotoa jibu, bado hatujajua kama amelitafakari.

Msimamo hutoka kwa nani?

Chanzo cha kwanza ni nyumbani. Mwaka 1965 M. Kent Jennings na Richard Niemi walishughulika na wanafunzi zaidi ya 1,600 wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani, pamoja na wazazi wao. Walikuta kwamba watoto wengi walirithi chama cha wazazi. Lakini katika mambo mengine ya siasa, kufanana kwa mzazi na mtoto kulikuwa kudogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa maneno mengine, mtoto hubeba jina la chama kutoka nyumbani, ila hoja anaweza kuziokota kwingine.

Chanzo cha pili ni watu tunaowaamini. Mwaka 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake walilifuatilia kundi la watu 600 katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, kuanzia Mei hadi Novemba, wakati Roosevelt akishindana na Willkie. Walitazamia kuona nguvu ya redio na magazeti. Walichokuta ni kwamba kampeni iliwageuza wachache tu. Wengi iliwaimarisha pale walipokuwa tayari. Habari zilipita kwanza kwa watu wachache wafuatiliaji, kisha hao wakawafikishia ndugu, majirani na wenzao kazini. Mpiga kura aliyeyumba alimsikiliza mtu anayemfahamu kuliko sauti ya redio.

Aristotle alikwisha kugusa jambo hili katika kitabu chake cha Retorika: tabia ya msemaji ina nguvu kubwa ya kushawishi, labda kupita nguvu zote. Tunamwamini mtu kwanza, kisha tunayakubali maneno yake.

Ugumu wa kuuliza

Barani Afrika, mradi wa Afrobarometer ulianza mwaka 1999, na awamu yake ya kwanza ilihusu nchi 12, Tanzania ikiwamo. Wahojaji huenda nyumba hadi nyumba, huchagua kaya na mhojiwa kwa bahati nasibu, huhoji mwanamume na mwanamke kwa zamu, na hutumia lugha anayoielewa mhojiwa. Utafiti uliofanyika nchini mwetu mwaka 2001 uliwashangaza wachambuzi, kwa kuwa Watanzania wengi walionyesha imani kubwa kwa serikali hata walipokuwa wakilalamikia hali ya uchumi. Taarifa iliyofuata iliuliza katika kichwa chake kama tulikuwa raia wasiohoji au watu wenye subira na viongozi wao.

Kuna uwezekano wa tatu nao ni hofu. Mwishoni mwa mahojiano, Afrobarometer huuliza: unadhani ni nani aliyetutuma? Wako wanaojibu kwamba ni serikali, ingawa mhojaji alijitambulisha vinginevyo. Mtu anayedhani anaongea na serikali anaweza kuisifu zaidi. Kwa hiyo mtafiti hulinganisha majibu ya hao na ya wengine kabla ya kusema kitu.

Ipo pia njia ya orodha. Tuseme tunataka kujua ni wangapi wanaogopa kutoa maoni ya kisiasa mbele ya majirani. Tunawagawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linapewa sentensi tatu za kawaida, kwa mfano "Nasikiliza taarifa ya habari kila siku", na kila mtu anaulizwa ni sentensi ngapi zinamhusu, bila kutaja zipi. Kundi la pili linapewa hizo tatu pamoja na ya nne: "Naogopa kutoa maoni ya kisiasa mbele ya majirani." Ikiwa wastani wa kundi la kwanza ni 1.5 na wa kundi la pili ni 1.8, tofauti ni 0.3, yaani takriban watu 30 kati ya 100 wana hofu hiyo. Tumepata ukweli wa jamii, na hakuna mtu mmoja aliyefichuliwa. Mbinu hii ina upungufu wake, maana inahitaji watu wengi, lakini inaonyesha jinsi mtafiti anavyoweza kutafuta ukweli na kumlinda anayeusema.

Kura ya maoni na busara

Historia yetu ina mfano mkubwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takriban wanane kati ya kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema wengi walipuuzwa. Wapo wanaosema watu waliolelewa katika mfumo mmoja kwa miaka mingi hawakuwa wamepata nafasi ya kuupima mwingine, na kwamba wale wachache nao walikuwa na haki ya kusikika. Hatuamui hapa nani yuko sahihi. Tunaona tu kwamba hesabu ya maoni haikutosha yenyewe. Ilibidi kuuliza pia maoni hayo yalijengwaje.

Mwaka 2015 lilifanyika jaribio la namna nyingine kuhusu gesi asilia. Watanzania wapatao 2,000 walihojiwa majumbani mwao, na 400 kati yao wakaalikwa Dar es Salaam kwa siku mbili. Walipewa maelezo, wakajadiliana katika vikundi vidogo, wakawauliza wataalamu maswali, kisha wakahojiwa upya. Mtindo huo ulibuniwa na James Fishkin. Hauishii kuuliza watu wanafikiri nini sasa, bali unataka kujua wangefikiri nini kama wangepata habari na muda wa kusikilizana. Kwa lugha ya Plato, ni kuzifunga sanamu kwa kamba.

Somo kwetu

Ikiwa watu hupokea misimamo kutoka kwa wale wanaowaamini, basi sauti ya altareni ina uzito ambao mwenye sauti hiyo hawezi kuukwepa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 287, inawazuia makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka halali ya Kanisa ione kwamba haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo. Zamani tuliweza kuisoma kama katazo tu. Kwa mwanga wa tafiti hizi tunaiona pia kuwa ulinzi wa dhamiri ya mwamini. Padre akitaja chama, mwamini anaweza kukifuata bila kupima hoja hata moja, akadhani ametii imani.

Lakini kunyamaza si jibu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Gaudium et Spes, namba 75, inataka malezi ya kiraia na ya kisiasa yatiliwe mkazo, hasa kwa vijana, na inatambua kwamba waamini wanaweza kutofautiana kihalali katika njia za kutatua mambo ya dunia. Kazi ya mchungaji ni kuwapa watu vipimo, yaani hadhi ya kila mtu, manufaa ya wote, ukweli na haki ya maskini, kisha kuwaacha wapime wenyewe.

Jumuiya ndogondogo zetu zinafaa sana kwa zoezi hilo. Kaya chache, watu wanaofahamiana, suala moja kama vile maji au ardhi ya kijiji. Kila mmoja aseme anachofikiri na sababu yake, na kabla ya kumpinga mwenzake arudie hoja yake mpaka mwenyewe akubali kwamba ameeleweka. Kiongozi aseme mwisho, kwa maana akianza yeye, wengine watamfuata kwa heshima. Na anayenyamaza asihesabiwe kuwa amekubali.

Kwa wahitimu wenye wito wa utafiti, tunawatia moyo waombe nafasi hizo na kuuliza maswali yanayotoka vijijini na mijini kwetu, kwa lugha ya watu wetu. Nasi tunaobaki tuna swali la kujiuliza kabla ya kutoa kura au mahubiri: msimamo huu nimeupata kwa nani, na je, naweza kuutolea sababu bila kutaja jina lake?