Wewe Ndiye Msaidizi? Usichague kwa Kubahatisha!

Leo tuongee kuhusu gemu la kwenye simu. Usishtuke, sijaja kukukataza kucheza! Nataka tuongee juu ya yule mchezaji anayechagua wa mwisho na kulaumiwa wa kwanza: msaidizi.

Likizo iliyopita binamu yangu wa kidato cha tatu alikuja kukaa nasi. Jioni moja nilimkuta barazani na wenzake wanne, kila mmoja kainamia simu. Walikuwa wanacheza Mobile Legends. Wale wanne walishachagua mashujaa wa kuua, kwa sababu kila mtu alitaka jina lake litangazwe. "We chukua msaidizi," wakamwambia binamu yangu, "simu yako si inagandaganda?" Akamchukua Estes, mponyaji, bila hata kutazama wapinzani wamechagua nani. Dakika kumi na tatu baadaye ngome yao ilikuwa chini. "Hujui kuponya!" wakamkaripia. Usiku ule aliniambia hatacheza nao tena, wala mpira wa jioni hataki kwenda.

Je, kosa lilikuwa lake? Soma hadi mwisho, halafu uamue mwenyewe.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Mobile Legends: Bang Bang ilitoka mwaka 2016, ikitengenezwa na kampuni ya Moonton ya China. Watu watano wanapambana na watano. Uwanja una njia tatu, na kila njia ina minara. Timu inayovunja ngome kuu ya wenzake ndiyo inayoshinda. Mashujaa wamegawanywa katika makundi sita: walinzi wenye miili migumu, wapiganaji, wauaji wa kushtukiza, wachawi, walenga shabaha na wasaidizi.

Katika mechi, mtu mmoja huwa mzururaji. Hakai njia moja. Anazunguka kusaidia wenzake na kuchungulia vichakani kabla wengine hawajapita. Ananunua viatu vya kuzurura, ili asigombee na wenzake dhahabu ya kuua askari wadogo. Ndiyo maana mfuko wake huwa mwepesi kuliko wa wengine. Kazi ya mzururaji inaweza kufanywa na shujaa wa kundi la wasaidizi au na mlinzi. Shika hilo, maana wengi wanafikiri msaidizi lazima awe mponyaji. Siyo kweli!

MSAIDIZI ANASAIDIA KWA NJIA NGAPI?

Tuziweke nne, ili zikae kichwani.

1. Kuponya. Hapa tuna Estes, Rafaela na Floryn. Estes huwarudishia uhai wenzake walio karibu, hasa pambano linapokuwa refu. Rafaela anaponya na pia kuwaongezea wenzake mbio. Floryn anaweza kuwaponya wenzake hata wakiwa mbali uwanjani.

2. Kukinga. Angela anaweza kumwingia mwenzake aliye mbali na kumpa ngao. Ngao inafanya kazi kabla hujaumia, wakati dawa inakuja baada ya kuumia. Tofauti hiyo ni kubwa, utaiona hivi punde.

3. Kufungua. Kuna mashujaa wa kukushika usiweze kusogea wala kupiga. Diggie, yule bundi mdogo, ana nguvu ya kuwafungua wenzake walioshikwa na kuwapa ngao.

4. Kushika na kutangulia. Tigreal huwavuta maadui kwa pamoja na kuwagandisha. Franco hurusha ndoano yake na kumvuta mmoja. Khufra hudunda kama mpira na kuwakatiza wale wanaopenda kurukaruka. Hawa ni walinzi, lakini kumlinda mwenzako kwa kutangulia mbele ni msaada mkubwa sana.

SASA NICHAGUE YUPI?

Jiulize maswali matatu kabla kidole hakijagusa kioo.

Swali la kwanza: Timu yetu inakosa nini? Watazame wenzako wanne. Kama hakuna hata mmoja mwenye mwili mgumu, ukichagua mponyaji mtakuwa watu watano laini, na hakuna wa kupokea kipigo cha kwanza. Hapo mchukue Tigreal au mlinzi mwingine. Lakini kama wenzako ni wapiganaji wagumu wanaopenda kukaa katikati ya vita, mponyaji atawafaa kweli kweli, kwa sababu wana muda wa kuponywa.

Swali la pili: Wapinzani wanaua vipi? Kuna wanaoua polepole na wanaoua kwa kufumba na kufumbua. Saber humnyakua mtu mmoja na kummaliza. Eudora hugandisha na kupiga radi. Mbele ya hao uponyaji mara nyingi huchelewa: unataka kumtibu mtu, kumbe keshakufa. Ngao ya Angela, ikiwahi, inaweza kumwokoa. Wakiwa na mashujaa wa kushika wengi kwa mpigo, mfikirie Diggie. Wakiwa na mrukaji kama Lancelot, Khufra atamsumbua. Tena, ukiona wapinzani wananunua vifaa vya kupunguza uponyaji, ujue dawa yako imepungua nguvu. Usilazimishe kusimama palepale, wavute wenzako nyuma mapema.

Swali la tatu: Mimi namjua nani? Usichague shujaa kwa sababu jana ulimwona akichezwa vizuri na bingwa. Jifunze watatu tu kwa kuanzia: mponyaji mmoja, mkingaji au mfunguaji mmoja, na mlinzi mmoja. Ukiwa na hao watatu hutakwama mara kwa mara. Ukifika daraja la Epic utakuta timu zinafungia kwanza mashujaa wasiowataka, ndipo zinachagua kwa zamu. Ukimjua mmoja peke yake na akafungiwa, umekwisha! Kumbuka pia kwamba watengenezaji hubadilisha nguvu za mashujaa mara kwa mara, kwa hiyo soma maelezo ya shujaa wako upya kila mchezo unaposasishwa.

ETI MSAIDIZI HANA JINA?

Hebu nikupe mfano wa kweli. Mwaka 2021 timu ya Ufilipino iitwayo Blacklist International ilikwenda Singapore kwenye mashindano ya dunia ya mchezo huu, yaitwayo M3. Nahodha wake, anayejulikana kwa jina la OhMyV33NUS, hakuwa muuaji wa kutisha. Alikuwa mzururaji! Timu hiyo ilikuwa maarufu kwa mtindo wa kukaa pamoja, kuponyana na kurefusha pambano mpaka wapinzani wachoke. Estes ndiye alikuwa moyo wa mtindo huo, hata timu nyingine zikawa zinamfungia mapema wasikutane naye.

Blacklist walifungwa mapema katika hatua ya mtoano wakaangukia upande wa chini, ambako ukifungwa tena unaaga mashindano. Hawakufungwa tena. Walipanda hatua kwa hatua mpaka fainali, wakawafunga wenzao wa ONIC, pia wa Ufilipino, 4 kwa 0. Mabingwa wa dunia hupewa heshima ya shujaa mmoja kutengenezewa vazi la timu yao. Unadhani shujaa huyo alikuwa nani? Alikuwa Estes, mponyaji!

Sasa jiulize: Estes wa Blacklist na Estes wa binamu yangu walikuwa na nguvu zilezile. Tofauti ilikuwa nini? Blacklist walikaa wakapanga, watu watano wakachagua kwa pamoja. Pale barazani watu wanne walichagua kila mtu lwake, halafu wa tano akaambiwa awaponye.

TULIYAMALIZAJE?

Kesho yake nilikaa na binamu yangu tukairudia mechi ile kwa maneno. Timu yao ilikuwa na Layla, mlenga shabaha asiye na mruko wa kutorokea, na hakuna mlinzi hata mmoja. Wapinzani walikuwa na Saber na Eudora. "Kumbe nilihitaji Tigreal," akasema mwenyewe. Nikamwambia sawa, ila kuna jambo la pili: ungesema. "Jamani, hatuna mtu wa mbele. Mimi nachukua mlinzi, msinisubiri niwaponye." Sentensi mbili tu hizo!

Jioni akarudi barazani. Mechi ya kwanza walifungwa, lakini kwa tabu. Ya pili mmoja wa wale wanne alikubali kubadilisha shujaa wake, wakashinda. Hakuna aliyemwomba radhi, vijana wa kiume mnajijua! Ila mmoja alimwambia, "Leo umetukinga, kaka." Na kesho yake alikwenda mpirani.

Na wewe ukitukanwa je? Maneno ya kwenye gemu yanauma kama ya darasani. Kuna kitufe cha kumnyamazisha mtu na kingine cha kumripoti. Vitumie, si uoga. Na ukifungwa mechi mbili mfululizo ukiwa na hasira, weka simu chini. Mtu mwenye hasira hachungulii kichakani, na saa sita za usiku si wakati wa kuthibitisha kwamba wewe si mzembe.

CHEMSHA BONGO

1. Wenzako wamechagua wapiganaji wawili wagumu, mchawi na mlenga shabaha. Wapinzani wanaua polepole. Utamchukua nani?

2. Wapinzani wana Tigreal na Atlas, wote mafundi wa kushika watu wengi kwa pamoja. Utamchukua nani?

3. Wenzako wote wanne ni laini. Utafanya nini?

Majibu: (1) Mponyaji, kama Estes. (2) Diggie, awafungue wenzako. (3) Mchukue mlinzi, na useme kabla mechi haijaanza!

Ukikosa, usijali, jaribu tena na rafiki yako. Na kama wewe huwa ndiye unayechagua muuaji kila siku, leo chukua wewe zamu ya kuzurura. Utaujua uzito wa mfuko mwepesi. Tukutane toleo lijalo!