Bukavu: Nyasi bandia zinaharibika juu ya udongo wa mfinyanzi, namna gani ya kuzitengeneza

Mvua moja kubwa ya Bukavu inatosha kuonyesha kama nyasi bandia za parsele zilitandikwa vizuri. Pale zilipowekwa moja kwa moja juu ya udongo wa mfinyanzi, maji yanabaki chini ya zulia, mguu unazama mtu anapopita, viungo vinaachana na harufu mbaya inapanda. Wengi wanalaumu nyasi zenyewe, wananunua gundi ao zulia jipya. Lakini mara nyingi ubaya uko chini, ndani ya udongo.

Udongo unaokataa maji kupita

Chembe za mfinyanzi ni ndogo sana na zinashikana. Udongo huo unakunywa maji polepole, unavimba wakati wa mvua, halafu unapungua na kupasuka wakati wa kiangazi. Bukavu inapata mvua tangu Septemba mpaka Mei, kwa hiyo mwendo huo unarudi kila mwaka. Zulia lililo juu linafuata: sehemu moja inashuka, nyingine inainuka.

Goma hali ni tofauti. Huko sehemu nyingi za mji ziko juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo yanapitisha maji kwa urahisi. Fundi aliyezoea kazi ya Goma asifikiri kwamba namna ileile itafaa Bukavu.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Mwaga ndoo ya maji juu ya nyasi. Kama maji yanasimama juu lakini chini ni kukavu, matundu ya zulia yamezibwa na vumbi ao matope. Kulifagia na kuliosha kunaweza kutosha. Kama maji yanashuka lakini chini kunabaki matope, msingi ndio wenye shida.

Angalia pia paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60, likipata mvua ya milimita 30, linamwaga lita 1 800. Kama maji hayo yote yanaangukia kwenye nyasi, hakuna gundi itakayoshinda. Mfereji wa paa na tanki vinatangulia kazi nyingine yote, na familia inapata maji ya kufulia.

Kazi yenyewe

Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ndio wakati mzuri, kwa sababu mfinyanzi wenye maji haushindiliki. Toa misumari ya pembeni, fagia mchanga ulio kati ya nyasi, halafu kunja zulia bila kulikata. Weka alama upande ambako nyasi zinalalia, ili zirudishwe vilevile.

Ondoa matope kwa kina cha sentimita 10 mpaka 15. Sawazisha chini kwa mteremko wa sentimita 1 ao 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba. Tandika kitambaa kigumu kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo kupanda. Bila kitambaa hicho, mfinyanzi utaingia kati ya mawe na baada ya misimu michache kazi itarudi mwanzo.

Juu yake weka garavie ya mawe yaliyovunjwa, kama yale yanayopigwa kwa nyundo kando ya barabara. Mawe ya mviringo ya mtoni hayafai, maana hayashikani. Weka tabaka la sentimita 5, shindilia, halafu ongeza lingine. Malizia kwa sentimita 2 za mawe madogo sana. Upande wa chini wa mteremko, laza bomba lenye matundu ndani ya garavie ili likusanye maji.

Rudisha zulia likiwa kavu. Kwenye kiungo, pande mbili zikutane juu ya utepe mpana wenye gundi ya nje, bila kupandana. Piga msumari kila sentimita 10 ao 15 pembeni, rudisha mchanga, na fagia ukiinua nyasi.

Wengine wanamwaga betoni juu ya mfinyanzi ili wasirudie kazi. Betoni nyembamba inapasuka udongo unapocheza, na maji yote yanatoka nje kwa nguvu zaidi.

Maji yanaenda kwa nani?

Hapa ndipo kazi ndogo ya parsele inakuwa jambo la mtaa. Bukavu ni mji wa vilima, na chini ya nyumba moja kuna nyingine. Kwenye kiwanja cha tambarare, mtu anaweza kuchimba shimo la kunyonya maji. Kwenye mteremko wa mfinyanzi shimo hilo ni hatari: linapeleka maji ndani ya udongo ambao unaweza kuteleza. Wakaaji wa Funu, katika komini ya Kadutu, wanajua vizuri namna ardhi inavyotembea chini ya nyumba.

Kwa hiyo bomba liishie kwenye mfereji uliojengwa kwa mawe na simenti, na si kwenye ukuta wa jirani wa chini. Zungumza naye kabla ya kuchimba. Mahali ambapo mfereji haupo na mteremko ni mkali, afadhali kuondoa nyasi bandia na kupanda nyasi za kweli: mizizi inashika udongo.

Vipande vya zamani visichomwe wala kutupwa kwenye mtaro. Ni plastiki, na mvua inaipeleka Ziwa Kivu mpaka kwenye bwawa la Ruzizi 1, ambako takataka za plastiki tayari zinasumbua mitambo ya umeme. Vilivyo vizima vinaweza kutandikwa kwenye barza, pasipo na mfinyanzi chini.