Nyumba ya Kale Haitaki Saruji



Wengi wetu hupata kibarua cha kukarabati nyumba za kale. Chukueni mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba: upana hufuata urefu wa boriti.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa tena. Lipu ya chokaa huyapitisha. Lipu ya saruji huyafungia ndani. Baadaye hubanduka, na ncha za boriti huoza mle ukutani. Chumba kinapendeza kwa macho, kumbe dari imelegea.

Aliye chini yake ni fundi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Watu wawili walikufa.

Basi kabla ya kubomoa, kagueni ncha za boriti, egemezeni dari kwa nguzo, na mdai chokaa. Kukataa kuingia chini ya dari mbovu si uvivu. Ni haki ya mfanyakazi.