Nani Atawahesabu Ndege wa Garissa?

Askari kijana aliyetusimamisha kizuizini, safarini kuelekea Garissa, hakujishughulisha sana na kitambulisho changu. Kilichomtia wasiwasi ni darubini iliyoning'inia shingoni mwangu. "Hii ni ya kutazama nini?" akauliza. Nikamjibu kuwa ni ya kutazamia ndege. Aliinua uso akaangalia mbingu, kisha akaniamuru niteremke. Kwa muda wa saa nzima nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara nikiwaeleza wakubwa wake, waliokuja mmoja baada ya mwingine, kwamba nilikusudia ndege wale, wala si ndege zile. Waama, siku hiyo ngeli za Kiswahili ziliniokoa.

Simlaumu kijana yule. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na tangu hapo si ajabu mgeni mwenye darubini akaulizwa atokako na aendako. Hata hivyo, nikiwa pale jiweni, kundi la kanga wa nchi hizi kavu, wale wenye kichwa kitupu kama cha tumbusi na kifua cha buluu iliyokolea, lilikatiza barabara kwa madaha bila ya kuulizwa lolote.

Msomaji atauliza: mtu mwenye akili timamu anafuata ndege gani Kaskazini Mashariki, ilhali Naivasha na Nakuru ziko karibu? Jibu ni kwamba ndege hawa hawapo Naivasha. Yupo mbuni wa Kisomali, ambaye Wasomali humwita gorayo, mwenye shingo na miguu ya rangi ya samawati iliyofifia, si ya waridi kama ya mbuni wa Maasai Mara. Mwaka 2014 shirika la BirdLife lilimtambua kuwa aina mbali na mbuni wengine. Yupo kwezi mwenye tumbo la dhahabu, ambaye mtu akimwona juu ya mgunga mkavu saa mbili asubuhi husahau jua. Huko Mandera, kando ya Mto Daua, kuna hua mwenye ukingo mweupe bawani. Atakaye kumwona akiwa katika ardhi ya Kenya hana budi kufika pembe ile ya nchi.

Tena yupo mmoja ambaye hatujui hata kama yupo. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja alimwandika kidenenda wa Tana, kijindege cha rangi ya majani makavu, kutokana na vielelezo vichache vilivyokusanywa katika bonde la mto huo. Tangu 1972 hakuna kielelezo kingine kilichopatikana. Wengine husema ametoweka, na wengine hushuku kuwa hakuwa aina kamili bali chotara wa videnenda wengine wawili. Shauri hili haliwezi kukatwa na mtu aliyeketi Nairobi.

Sababu ya ujinga wetu huu si uchache wa ndege, bali ni uchache wa macho yenye kalamu. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliziruhusu mamlaka kuifunga mikoa ya pembezoni, na mgeni hakuingia pasipo kibali. Uhuru ulipokuja, ikaja pia hali ya hatari, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Kwa miaka hiyo yote watazamaji ndege walikwenda kwingineko, na Atlasi ya Ndege wa Kenya ilipotolewa mwaka 1989, upande huu wa ramani ulikuwa na mapengo mengi. Pengo katika ramani humfanya msomaji adhani hapana kitu.

Asubuhi ya pili nilikuwa kusini mwa mji, upande wa hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, pamoja na mzee mmoja mfugaji. Aliniuliza, "Mwanangu, umetoka Nairobi kuja kuwatazama hawa?"

"Naam, adeer."

"Na serikali inakulipa?"

Nilipomwambia hailipi, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake. Lakini kila ndege niliyemwonyesha alikuwa na jina lake, na habari zake: huyu hulia mvua ikikaribia, yule hufuata ngamia kwa ajili ya kupe. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema jambo lililonifanya nifunge darubini. Zamani, alisema, ngamia akifa malishoni, tumbusi walikuwa wameshafika kabla ya mtoto aliyetumwa kuleta habari. Siku hizi mzoga hukaa siku mbili, nao ni mbwa na fisi peke yao.

Wataalamu wamelithibitisha jambo hilo kwa njia zao. Tumbusi wa Kenya wamepungua mno, na sababu kubwa ni sumu inayotiwa katika mizoga kuwaua simba na fisi wanaokula mifugo. Mzee yule aliliona upungufu ukitokea, mwaka baada ya mwaka, akiwa mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa kuuandika. Naye hakuandika.

Wala si jambo geni kwa elimu ya mfugaji kuifaidi sayansi. Mwaka 1989 Hussein Adan Isack wa Makavazi ya Taifa, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi kuhusu Waborana na yule ndege aongozaye watu kwenye asali. Waborana walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ndege huyo huonyesha mzinga uko upande gani na umbali gani, na vipimo vikaonyesha kuwa walisema kweli. Pasipo ndege, warina asali walihitaji karibu saa tisa kuupata mzinga. Walipoongozwa, saa tatu na kidogo zilitosha.

Kwa hiyo sipendekezi mabasi ya watalii yaanze kumiminika Garissa kesho. Hayatakuja, na usalama haujaruhusu. Ninachopendekeza ni safari fupi zaidi: mwanafunzi wa Garissa, Wajir au Masalani, mwenye simu na daftari, atoke naye babu yake hadi kwenye laga iliyo karibu, aandike waliyemwona, mahali na tarehe. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea kumbukumbu za namna hiyo kutoka kwa raia wa kawaida. Vijana wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walianza kwa kuwajua ndege wa kwao, na leo wapo wanaokula kwa kuwaongoza wageni. Na kule Ishaqbini, wenyeji wenyewe ndio walioanzisha hifadhi ya kumwokoa swala hirola. Darubini chache katika shule za eneo hili zingegharimu kiasi gani, katika kaunti inayonunua magari kila mwaka wa fedha?

Nilirejea nikiwa na aina 87 daftarini. Askari yule yule alikuwa zamu. Safari hii hakuniteremsha. Aliinama dirishani akauliza niliwaona wangapi, nikamtajia. Akanyosha mkono aonyeshwe darubini. Juu ya mlingoti wa simu alikuwa ametua korongo mkubwa, yule mwenye mfuko shingoni, naye akamwelekea. Aliangalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hata lori lililokuwa nyuma yetu likaanza kupiga honi.