Nani Alindaye Njia za Intaneti?

Askari wa zamu langoni hamruhusu mtu kupita kwa sababu tu amesema, "Mimi ni ndugu yenu." Humtaka neno la siri, hukitazama kitambulisho chake, na asiporidhika humsimamisha hapo hapo, hata mgeni awe amevaa vizuri namna gani. Desturi hii ni kongwe, na kila msomaji wa gazeti hili aifahamu. La kustaajabisha ni kwamba intaneti, ambayo leo hupitisha mishahara, ada za shule na salamu za jamaa walio mbali, ilijengwa kwa miaka mingi bila desturi hiyo. Mashine zake zilifundishwa kuaminiana kwanza. Kuulizana kumekuja baadaye, na kumeletwa na maafa.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi kazi inavyokwenda. Ujumbe utokao katika simu hausafiri mzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na ya iendako, mithili ya bahasha. Ndani ya nyumba au ofisi moja, kifaa kiitwacho swichi huzigawa pakiti hizo kwa kompyuta zinazohusika. Zikitakiwa kwenda nje hupokewa na ruta, ambayo ni kama karani wa posta aliyewekwa penye njia panda. Ruta haiijui safari nzima. Yaujua tu mlango wa kuitolea pakiti ili ikaribie mwisho wa safari yake. Na hilo imelijuaje? Imeambiwa na ruta jirani. Kanuni za mazungumzo hayo, yaani nani aseme nini, lini, na ajibiwe vipi, ndizo ziitwazo itifaki. Iko itifaki moja, TCP, ambayo huzihesabu pakiti, na ile isiyofika hutumwa tena. Ndiyo maana picha ya mtoto hufika kwa bibi yake bila tundu katikati.

Mambo hayo huenda kimya kimya, wala hatuyakumbuki mpaka yaharibike. Yaliharibika vibaya tarehe 27 Oktoba 1980, katika mtandao wa ARPANET, mali ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Kila mashine ya njiani ilikuwa ikitoa taarifa ya hali ya nyaya zake, na taarifa hizo zilipewa namba kuanzia 0 hadi 63, kisha hesabu ikaanza upya. Ilipofika taarifa mpya, ya zamani ilitupwa. Siku hiyo mashine moja yenye hitilafu ilidondosha tarakimu katika kumbukumbu yake, na taarifa ya mashine nyingine iliyokuwa na namba 44 ikazaa mbili za uongo, moja yenye namba 40 na nyingine yenye namba 8.

Sasa tazama balaa lenyewe. Kwa kanuni iliyowekwa, 44 ilikuwa mpya kuliko 40. Nayo 40 ilikuwa mpya kuliko 8. Lakini kwa kuwa hesabu ilizunguka kama saa ya ukutani, 8 nayo ilihesabiwa kuwa mpya kuliko 44! Taarifa hizo tatu zikawa zinafukuzana bila kikomo, na kila mashine ilizipokea kwa utii na kuzisambaza kwa jirani zake. Mtandao mzima ukasongwa, na kwa saa kadhaa haukufaa kwa lolote. Ilibidi mafundi waiamuru kila mashine, moja baada ya moja, izipuuze taarifa za ile mashine iliyosingiziwa. Hapakuwa na adui hata mmoja. Ukaguzi ulikuwa umewekwa kwenye waya, ambako makosa yalitarajiwa. Ndani ya kumbukumbu ya mashine hapakuwa na mkaguzi, na taarifa iliyoharibikia humo ilitoka ikiwa na sura ya taarifa halali.

Intaneti ilipopanuka ikawa si mtandao mmoja tena, bali maelfu ya mitandao ya makampuni ya simu, vyuo, mabenki na serikali. Ruta za mipakani zikahitaji lugha moja. Mwezi Januari 1989, mjini Austin, jimbo la Texas, wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, waliandika misingi ya lugha hiyo juu ya karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula cha mchana. Ikaitwa BGP, na hadi leo ndiyo itumikayo duniani kote. Katika lugha hiyo mtandao hutangaza, "Anwani hizi zapatikana kwangu." Jirani husadiki, naye huwatangazia jirani zake.

Tarehe 24 Februari 2008 kusadiki huko kulileta aibu ya kimataifa. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungwe nchini mwake. Kampuni ya Pakistan Telecom ikazitangaza anwani 256 za YouTube kuwa ziko kwake, ili pakiti ziendazo huko zipotelee humo. Tangazo hilo lilikusudiwa kubaki nyumbani, lakini likavuka mpaka na kuifikia kampuni ya PCCW, iliyokuwa ikiiunganisha Pakistan Telecom na dunia, nayo ikalipitisha bila kuuliza. YouTube ilikuwa ikizitangaza anwani zake 1,024 kwa mkupuo mmoja, na ruta kwa kanuni hufuata tangazo lililo mahususi zaidi, kama mjumbe aaminivyo namba ya nyumba kuliko jina la mtaa. Kwa muda wa saa mbili hivi, pakiti za watazamaji wa sehemu kubwa ya dunia zilielekea Pakistan na kutoweka. YouTube ilijitetea kwa kutangaza mafungu madogo zaidi, mpaka PCCW ilipolikata tangazo la uongo.

Kwa maoni yangu, lawama kubwa si ya aliyekosea kutangaza. Watu hupotea njia kila siku. Lawama ni ya mlinzi wa kizuizi aliyewafungulia wote.

Dawa iliyopatikana yafanana sana na kitambulisho. Tangu 2011, mashirika yanayogawa anwani za intaneti, likiwamo AFRINIC la Mauritius linalohudumia Afrika, hutoa hati zenye sahihi ya kompyuta zinazotaja ni mtandao gani ulioruhusiwa kuzitangaza anwani fulani. Utaratibu huo huitwa RPKI. Ruta iliyowekewa ukaguzi hulilinganisha tangazo na hati, na likipingana nayo hulikataa. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kazi imekwisha. Hati humthibitisha mwenye ruhusa ya kutangaza, lakini haithibitishi njia yote iliyopitwa. Na ruta ambayo mwenyewe hakuiwekea ukaguzi huendelea kusadiki kama zamani.

Tena ziko shida ambazo itifaki haiziwezi. Sisi tusio na pwani hupata sehemu kubwa ya intaneti kupitia Kenya na Tanzania, kwa mikongo iliyolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na Afrika Kusini, wakati ambapo mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu ilikuwa imekatika tangu Februari. Ruta zilifanya wajibu wake na kutafuta njia nyingine, lakini njia zilizobaki zilikuwa chache na finyu, na huduma ikazorota Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Kwa sababu hiyo kituo cha Kampala cha kubadilishana pakiti, kilichoanza 2001, kina thamani kubwa kuliko umaarufu wake: mitandao iliyojiunga nacho hukabidhiana pakiti za ndani ya nchi papo hapo, bila kuzipitisha ng'ambo.

Akina mama na akina baba wasidhani kwamba habari hizi ni za wahandisi peke yao. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta za majumbani kwa wingi. Haikutumia ujanja mkubwa: ilijaribu orodha ya maneno ya siri yaliyowekwa viwandani, yapatayo 60 na kitu, na wenye vifaa hawakuwa wameyabadili. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiyageuza majina ya tovuti kuwa anwani, na Wamarekani wengi wakakosa Twitter na Netflix. Kamera ya mtu mpole, iliyonunuliwa kulinda ua wake, iligeuzwa askari wa jeshi asilolijua.

Kwa hiyo ruta ya nyumbani itazamwe. Kwa kawaida chini yake pana kibandiko chenye jina na neno la siri la kiwandani, na hayo hutumika kuingilia ukurasa wake wa mipango. Humo libadilishwe neno la siri la msimamizi, na pia lile la kujiunga na waifai, ambalo ni jingine. Ulinzi uchaguliwe WPA2 au WPA3, na programu ya kifaa isasishwe kila mtengenezaji atoapo mpya. Kamera na televisheni zifanyiwe vivyo hivyo. Maneno mapya yawe marefu, yaandikwe katika daftari la nyumbani, wala yasibandikwe ukutani sebuleni.