Mbayuwayu wa Jiwe na Mtoto Aliyevaa Tikiti

Wapwa wangu, leo nina ndege wa kuwaonyesha. Ni mbayuwayu. Lakini mbayuwayu huyu haruki, halii, wala hapepesi jicho. Ni jiwe tupu, kuanzia mdomo mpaka mkia.

Anatoka katika hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo Dr. Stone. Wajapani huziita hadithi za namna hii manga. Mtunzi wake ni Riichiro Inagaki. Mchoraji ni Boichi, msanii kutoka Korea Kusini. Ilianza kutoka mwaka 2017 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikamalizika mwaka 2022.

Hadithi inakwenda hivi. Siku moja mwanga wa kijani unaizunguka dunia, na kila binadamu anageuka jiwe. Mwalimu, jiwe. Muuza samaki, jiwe. Mama na mtoto wake, jiwe. Miaka 3,700 inapita. Miji inaporomoka na msitu unaota juu yake. Ndipo mwanafunzi mmoja wa sekondari, Senku, anapochomoka kutoka ndani ya jiwe lake. Na anajua leo ni tarehe ngapi! Muda wote huo, ndani ya giza, alikuwa anahesabu sekunde.

"Mjomba, sekunde za miaka 3,700? Inawezekana?"

Ahaa! Mtoto anayeuliza hivyo ana kichwa kizuri. Hapana, mpwa wangu, haiwezekani. Ni zaidi ya sekunde bilioni 116. Hapo mtunzi amebuni. Lakini ametuonyesha mapema huyu Senku ni mtu wa namna gani. Ni mtu anayehesabu. Anapima kila kitu, na anayapanga maisha yake juu ya kile alichopima.

Sasa turudi kwa ndege wetu. Katika kitabu ndege huyu hasemi. Leo nitamsemea mimi.

"Mimi ni mbayuwayu," anasema. "Yule kijana aliniokota porini, akaniweka juu ya meza yake ya mbao. Alikuwa amegundua pango lenye popo. Humo kinyesi cha popo kilikaa na maji, na mwisho wake ilidondoka asidi ya nitriki. Alidhani maji hayo ndiyo yaliyomzindua yeye. Basi akanimwagia. Sikuamka. Akaongeza kitu, akanimwagia tena. Sikuamka. Akapunguza, akanimwagia. Sikuamka. Nilidhani atanitupa kichakani. Wapi! Alichukua kijiti akaandika, kisha akalala. Asubuhi alikuwa hapo hapo na kibakuli kingine."

"Mjomba, kwa nini anaandika jambo lililoshindikana? Si aibu?"

Hapo ndipo penyewe, mpwa wangu. Tazama mama anapopika mchuzi. Leo umekuwa mchungu. Kesho akibadilisha kwa pamoja chumvi, ndimu na bizari, mchuzi ukawa mtamu, atajuaje ni nini kilichouponya? Hatajua. Lakini akibadilisha ndimu peke yake, akaonja, akakumbuka. Kesho kutwa akabadilisha bizari peke yake, akaonja, akakumbuka, basi huyo anafanya jaribio. Mchuzi wa jana uliokuwa mchungu umemfundisha kitu. Umemwambia: si huku, jaribu kule.

Senku anafanya hivyo hivyo. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anajaribu, anaandika. Anajaribu, anaandika.

Lakini ana shida kubwa. Yuko peke yake. Nusu mwaka mzima anahangaika kutafuta chakula na kuni, na majaribio yanabaki na muda kidogo sana. Hatimaye rafiki yake Taiju naye anachomoka kwenye jiwe. Taiju si mtu wa vitabu. Taiju ni mtu wa nguvu na moyo. Anabeba magogo, anachuma matunda, na msituni anapata zabibu. Zabibu zinakuwa mvinyo. Mvinyo unachemshwa katika vyombo vya udongo mpaka mvuke wake unakusanywa kuwa alkoholi. Alkoholi inachanganywa na asidi ya pangoni.

"Mjomba, kama Senku ana akili kiasi hicho, Taiju wa nini?"

Uliza zabibu, mpwa wangu! Bila Taiju hakuna zabibu. Bila zabibu hakuna alkoholi. Na bila alkoholi?

"Sikuamka," anajibu mbayuwayu. "Mpaka siku ile. Walinimwagia mchanganyiko mpya, nikasikia ngozi inapasuka. Bawa la kulia likacheza. La kushoto likacheza. Sikungoja kuaga. Niliruka."

Hebu niwatenganishie hapa kilicho cha kweli na kilichobuniwa. Binadamu kugeuka jiwe na kuzinduka, hilo limebuniwa. Lakini ule mchanganyiko wa asidi ya nitriki na alkoholi upo kweli. Unaitwa nitali. Mafundi wanaochunguza vyuma huupaka juu ya chuma kilichosuguliwa, asidi inakula kidogo kidogo, kisha chembe za chuma zinaonekana wazi kwenye hadubini. Mtunzi ameokota kitu cha kweli cha karakana akakitia uchawi kidogo. Na tafadhali sana: asidi ya nitriki inaunguza ngozi na macho. Kitabu chenyewe kinawaonya wasomaji wasiige mambo yake ovyo.

Baadaye Senku anafika kwenye kijiji cha watu ambao hawakuwahi kuwa mawe. Ni wazao wa wanaanga wachache waliokuwa juu angani siku ya ule mwanga. Huko anakutana na Chrome. Kijana huyu hajaona shule hata kwa ndoto, lakini amejaza kibanda kizima mawe ya rangi zote. Peke yake amegundua kwamba ukitia vitu fulani motoni, moto unabadilika rangi. Senku anapokiona kile kibanda, hacheki. Anamwita mwanasayansi mwenzake. Nampenda sana mtunzi kwa ukurasa huo.

Kijijini kuna binti mgonjwa, Ruri. Kifua kinamuua. Senku anasema dawa ipo, lakini njia ya kuifikia ni ndefu. Kwanza chuma. Halafu umeme. Halafu vioo. Halafu asidi kali. Mwisho ndio dawa.

Basi wanaanza na chuma. Wanazoa mchanga wa mto wenye chembe za chuma kwa sumaku, chembe kwa chembe. Wanajenga tanuri. Lakini chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, na moto wa kuota hauufikii ukali huo hata kidogo. Lazima upulizwe. Wanapuliza kwa mivukuto, wanapuliza, wanapuliza. Mikono inakufa ganzi. Moto unashuka. Hawakupata chuma.

Senku anajua kanuni zote za kuyeyusha chuma, na bado ameshindwa. Kwa nini? Mikono haitoshi! Huwezi kukisia anafanya nini. Anapika. Anasaga mbegu za majani ya porini, anakanda unga, anakata tambi, anatengeneza mchuzi. Yeye mwenyewe anaziona tambi zile si nzuri kivile, lakini wanakijiji hawajawahi kuonja kitu kama hicho. Wanakuja, wanakula, wanataka tena. Basi njooni mpulize moto! Wanapuliza kwa zamu, wengi, wanaimba kwa nguvu. Na chuma kinatoka.

Msishangae kuona timu inapewa heshima hivi. Kabla ya kazi hii Inagaki alitunga Eyeshield 21, hadithi ndefu ya vijana wa mpira wa Kimarekani, mchezo ambao kila umbo la mtu lina kazi yake: mnene anazuia, mwembamba anakimbia. Katika Dr. Stone ni vilevile. Mzee Kaseki ana mikono ya fundi, anapuliza vioo. Gen ni mfanya mazingaombwe, anajua kuwasoma watu. Kinro anashika mkuki na kulinda. Kwenye safari ya kuteka asidi kwenye ziwa la volkano, mkuki wenye ncha ya fedha unageuka mlinzi wa aina nyingine kabisa. Hewa ya hapo ina gesi ya salfa inayoua. Gesi ile ikigusa fedha, fedha inakuwa nyeusi. Wanautanguliza mkuki mbele. Ukianza kuwa mweusi, rudini nyuma!

Ruri anapata dawa na anapona. Dawa yenyewe ni ya kundi la sulfa, na hiyo si ya kubuni hata kidogo.

Hapa nina neno langu. Katika manga, Senku anaijua dawa tangu mwanzo. Anachokosa ni vifaa tu. Watu walioigundua kwa kweli hawakuwa na jibu mfukoni. Nchini Ujerumani wanakemia wawili, Josef Klarer na Fritz Mietzsch, walikuwa wanatengeneza rangi moja baada ya nyingine. Daktari Gerhard Domagk alizijaribu juu ya panya waliopewa vijidudu. Rangi hii, panya wamekufa. Rangi ile, panya wamekufa. Mwaka 1932 ikafika rangi nyekundu, baadaye ikaitwa Prontosil. Panya wakaishi! Mwaka 1935 Domagk akatangaza. Katika miaka hiyo binti yake mwenyewe alichomwa na sindano mkononi, vijidudu vikapanda, na baba yake akampa dawa ile ile. Akapona. Mwaka 1935 huo huo, watafiti wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris wakagundua kwamba mwilini ile rangi inavunjika, na kipande kinachotibu ni sulfanilamidi. Ndiyo dawa anayoitengeneza Senku.

Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1939 alipewa Domagk peke yake. Mimi naona Klarer na Mietzsch walistahili kutajwa pamoja naye. Nani alitengeneza ile rangi?

Sasa nimfikie nimpendaye kuliko wote. Anaitwa Suika. Ni mtoto mdogo wa kijijini, na kichwani amevaa ganda la tikiti maji. Kwa nini? Macho yake hayaoni vizuri. Dunia yote kwake ni ukungu. Hata hivyo hachoki kutumwa. Anajiviringisha ndani ya tikiti, anapeleleza, anakusanya, anasaidia. Kioo kinapopatikana, Senku anamtengenezea lenzi na kumwekea kwenye lile tikiti. Suika anatazama mbele. Kuna shamba la alizeti. Kwa mara ya kwanza maishani anaona kila ua, kila petali, na machozi yanamtoka.

"Mjomba, basi ndio mwisho wake?"

Bado, mpwa wangu, subiri. Mbele sana katika hadithi, ule mwanga unarudi na watu wote wanageuka mawe tena. Wote. Anayezinduka ni Suika peke yake. Hana Senku wa kumuuliza, hana Taiju wa kubeba, hana Kaseki wa kutengeneza chupa. Ana vitu walivyoacha, na ana yale aliyoyaona wakifanya. Anaanza kutengeneza ile dawa ya kuzindua. Jaribio linashindikana. Anajaribu tena. Linashindikana. Anakua, nywele zinarefuka, tikiti linakuwa dogo kichwani. Miaka 7! Ndipo siku moja anammwagia Senku, na jiwe linapasuka.

Wasomaji wengi humsifu Senku, na wana haki. Lakini mimi nikiulizwa mwanasayansi mkubwa wa kitabu hiki ni nani, nitasema ni Suika. Senku alianza akiwa amebeba kichwani maarifa ya watu wa karne nyingi. Suika alianza na kutazama kazi ya wenzake kwa makini.

"Mjomba, na sisi tufanye jaribio gani?"

Nilikuwa nalingoja swali hilo! Tafuteni sumaku kutoka kwenye spika ya redio iliyoharibika. Izungushieni karatasi. Chukueni vijiko 10 vya mchanga mkavu wa mtoni, na vijiko 10 vya mchanga mkavu wa barabarani. Pitisheni sumaku kwenye fungu la kwanza, kisha la pili. Msibadilishe kitu kingine chochote isipokuwa mahali mchanga ulipotoka. Zile punje nyeusi zitakazong'ang'ania karatasi ndizo zenye chuma. Mmoja ashike sumaku, mmoja apime vijiko, mmoja ahesabu, na mmoja aandike. Ikiwa sumaku haikunasa kitu, andikeni hivyo hivyo, pamoja na tarehe. Kisha nileteeni hilo daftari, nataka kulisoma.